Dobi Aliyekiri Kutoa Dawa

Mtoto aliyemlea ndiye aliyemsingizia. Tuanze na hilo, tusizunguke mbuyu. Winga wa klabu kubwa alikutwa na bangi kwenye mkojo, na ili adhabu yake ipungue akasema aliyempa ni mama yake mdogo, dobi wa timu. Hakumpa. Alijua hakumpa. Akasema hivyo hivyo.

Dobi huyu alimchukua akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Dada yake alikuwa amefariki, na ndugu walipokaa kugawana vitu vya marehemu kila mmoja alijua anataka kabati gani na sufuria zipi. Mtoto hakutajwa mpaka jioni, na alipotajwa kila mtu akakumbuka safari. Yeye akamfunga mgongoni akaondoka naye. Hakuwa na mume wala kisomo. Alikuwa na mikono, na mikono hiyo ikapata kazi ya kufua jezi za klabu, kwenye chumba cha saruji nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, chenye mabomba mawili, la pili likiwa halitoi maji tangu lifungwe.

Mtoto akakulia katikati ya soksi. Alilala kwenye rundo la bukta chafu wakati mama mdogo anasugua madoa ya majani magotini mwa suruali za kipa. Akaanza kupiga mipira iliyotoboka, kisha mizima, na kabla hajaota ndevu kocha wa vijana alikuwa ameshamwita Mshale, kwa sababu akiachiwa haonekani tena mpaka afike. Dobi alicheka akasema mshale huu umetoka kwenye upinde wake.

Sasa kuna neno moja lazima lielezwe, maana ndilo lililomponza. Ndani ya klabu ile, dawa ilikuwa kazi ya dobi. Timu ikiwa kambini, asubuhi alipita milangoni na ndoo yake, na wachezaji walimpigia kelele kutoka vitandani, "Dobi, dawa!" Alikuwa na dawa ya meno kwa waliosahau ya kwao, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya kutoa madoa. Zaidi ya zote alikuwa na dawa ya miguu, kwa sababu mabwana wale waliobandikwa kwenye mabango ya barabarani wakitabasamu, vidole vyao vilikuwa vimeoza kwa fangasi. Mshale ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Dobi alimpaka mwenyewe, kidole baada ya kidole, huku akimtukana kwa mapenzi kwamba uso wa bwana harusi na miguu ya bata.

Bangi, Mshale aliivuta nyuma ya ukuta wa uwanja wa mazoezi, na marafiki wasiocheza mpira wowote. Dobi alijua, maana nguo haina siri kwa anayeifua. Alimsema mara moja, mara ya pili akamnyima chakula cha jioni kama mtoto, mtu mzima mwenye gari. Mshale akacheka, akaenda kula hotelini.

Wapimaji walipokuja baada ya mechi wakaondoka na mkojo wake, na majibu yaliporudi, sheria ya wakati ule haikuwa na huruma: miaka miwili nje, bila kugusa mpira wa klabu yoyote. Kwa winga miaka miwili ni uzee. Wakili wa klabu akamweleza kwamba uko mlango mmoja. Kama alipewa bila kujua, na mtu aliyemwamini, adhabu inakatwa nusu. Akamwuliza, nani alikuwa anakupa vitu kambini?

Dobi aliitwa mbele ya kamati bila kuelezwa anaitiwa nini. Alivaa gauni lake zuri akidhani anaitwa kumwombea mwanawe. Mezani walikaa wazee watatu na chupa zao za maji, katikati mwenyekiti mwenye miwani, na pembeni Mshale, anaangalia kucha zake. Mwenyekiti akauliza kama ni kweli alikuwa akimpa mchezaji huyu dawa.

"Ndiyo," akasema, na akasema kwa fahari. "Nani mwingine angempa? Nampa tangu mtoto. Wote nawapa, lakini yeye nampa zaidi."

Wakili akashusha kalamu. Dobi alifungua mdomo kuendelea, na mwenyekiti akainua kiganja akamwambia mama, jibu ulichoulizwa, umeshajibu, inatosha. Ndipo Mshale akazungumza, kwa sauti ndogo ya mtoto mgonjwa. Akasema mama mdogo alikuwa akimletea pia chai ya majani fulani ya kutuliza maumivu, na yeye hakuuliza ni majani gani, kwa sababu mtu hamwulizi mama yake.

Dobi alimtazama akifikiri amechanganyikiwa. Chai gani? Kambini hakupika hata maji. Alipoelewa, mlinzi alikuwa ameshamshika kiwiko kumtoa nje, kwa heshima zote, kama mtu anavyotoa uchafu akiwa amevaa nguo nyeupe.

Mshale akapata mwaka mmoja. Dobi, aliyeandikwa mgawaji, akafungiwa maisha. Asifanye kazi katika klabu yoyote, asiingie uwanja wowote, hata kufua soksi za watoto wanaocheza chandimu mtaani. Chumba cha kufulia akapewa mpwa wa katibu wa klabu, ambaye wiki ya kwanza alichanganya jezi nyekundu na nyeupe, timu ikaingia uwanjani imevaa rangi ya waridi. Dobi aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko hicho hakikumpa chakula.

Mtaani wakambatiza Mama Dawa. Wateja wa kufuliwa wakapungua, mmoja akiogopa kukutwa na vitu mifukoni, mwingine akisema mume wake hataki. Kwenye bomba la uani akifika na ndoo, wanawake walipisha njia kwa adabu iliyozidi, kisha mmoja akasema, bila kumtaja, kwamba siku hizi hata chai mtu aijue imepikwa na nani. Fundi pikipiki mmoja, baba wa watoto, alimgongea mlango mchana kweupe, akatazama kushoto na kulia, akamwuliza kwa upole kama mzigo umeingia. Dobi alimmwagia maji ya sabuni. Kesho yake ikasemwa kwamba alimmwagia kwa sababu hakuja na pesa.

Aliyebaki ni kinyozi wa kona, aliyeendelea kumletea taulo zake. "Mama, mimi taulo zangu hazipimwi mkojo," alisema, na dobi hakujua acheke au amchape nazo.

Kisha sheria ikabadilika. Mshale akiwa hajafika nusu ya mwaka wake, wakubwa wa mpira walikaa mahali wakaamua kwamba bangi iliyovutwa nje ya siku ya mechi si udanganyifu, ni udhaifu. Mvutaji atakaa nje mwezi mmoja, atazungumza na mshauri, atarudi. Na waliokuwa wakitumikia adhabu ya zamani wahesabiwe kwa mpya. Mshale alikuwa huru kabla habari haijamaliza kusomwa redioni.

Hapo ndipo uchungu wote ulipo. Angesema kweli, angetoka siku ile ile. Uongo wake haukumfupishia hata saa moja. Alimchinja mama yake mdogo, kisha nyama haikuliwa.

Na sheria hiyo hiyo iliyomlegezea mvutaji ilimkaza mgawaji. Wagawaji hawakupunguziwa kitu, na ikatangazwa kwamba kuanzia sasa mchezaji atakayeonekana na mtu aliyefungiwa, nyumbani au njiani, naye ana kosa.

Mshale alikuja kwake alasiri, amevaa kofia chini mpaka kwenye nyusi, gari kaliacha barabara ya pili. Dobi alikuwa anakunja taulo za kinyozi. Moyo wake, mjinga wa kale, uliruka. Alidhani amekuja kuomba radhi, na alishajua atakavyomjibu: angemwacha apige magoti kidogo, kisha angemwambia inuka mwanangu, unachafua suruali. Akamwekea kigoda. Hakukaa.

"Mama mdogo, Jumamosi narudi uwanjani," akasema. "Nimekuja kukuomba usije. Hata nje ya geti."

"Nani kakwambia nakuja?"

"Nakujua. Na nyumbani pia usije, mpaka nitakapokwambia. Wakituona pamoja wananifungia tena. Sheria si yangu."

Dobi aliendelea kukunja. Akamwuliza taratibu huyo mtu aliyefungiwa ni nani, na kafungiwa kwa neno la nani. Mshale akasema hayo yameshapita. Dobi akamwuliza, kama yamepita, mbona yeye bado yumo ndani yake? Kijana akaeleza, kwa subira, kama anavyoelezwa mtu asiyejua kusoma, kwamba akirudi kwa kamati kusema alidanganya, kuidanganya kamati ni miaka minne. Bangi mwezi, uongo miaka minne. Mama mdogo aangalie mwenyewe kipi kizito.

"Basi kamati iache," dobi akasema. "Sitaki kazi yao. Wanawake wako pale bombani. Simama mlangoni hapo, waambie ilikuwa dawa ya miguu. Neno hilo tu. Wao hawana kalamu."

Mlango ulikuwa wazi. Nje ndoo ziligongana, mtu akacheka kitu chake. Mshale aliwatazama wanawake wale, akamtazama mama yake mdogo, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa mtoto wa kwenye soksi. Kisha akanyoosha mkono, akaufunga mlango.

"Mmoja wao akisema mahali, nimekwisha. Kama unanipenda utanyamaza."

Dobi akaweka taulo chini. "Mama yako alipozikwa, baba yako aliambiwa aje akuchukue, hakuja. Nilimlaani miaka yote hii. Leo namwomba msamaha. Aliona mbali."

Mshale alitoka na kofia yake. Hakugeuka. Bombani wakashusha sauti alipopita, maana sasa walikuwa na jambo: hata mwanawe kaja kuchukua mzigo.

Jumamosi dobi alipeleka taulo kwa kinyozi, na redio ilikuwa inatangaza mechi. Hakukusudia kusikiliza. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri kunyolewa, kipindi cha pili chote. Mshale alifunga bao dakika za mwisho, na mtangazaji akapiga kelele kama anayeibiwa. Mechi ilipokwisha wakampa kipaza sauti, wakamwuliza ana neno gani baada ya yote aliyopitia. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mke wake, akamshukuru kocha. Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ndogo ya mbele ya kamati.

"Na mtu aliyenifanyia ubaya ule," akasema, "nimemsamehe. Ni mzazi wangu. Sina kinyongo naye."

Vijana kwenye viti wakasema huyu ana moyo. Mmoja akageuka, akamwona aliyekaa kwenye benchi, akamgonga mwenzake kwa goti. Kinyozi alizima redio, lakini alichelewa.

Dobi akahesabu taulo chafu, akazifunga, akaondoka nazo. Bado anafua za kinyozi, na bado anaitwa Mama Dawa, sasa na nyongeza kwamba alisamehewa mbele ya taifa zima akakosa hata shukrani. Msamaha huo hakuuomba, na hajaupokea.

Deni liko hivi. Mwenyekiti mwenye miwani anadaiwa swali moja, fupi kuliko yote aliyouliza siku ile: dawa gani? Hajaliuliza mpaka leo. Na Mshale, mtoto wa marehemu dada, anadaiwa kulijibu, kwa sauti ile ile aliyotumia redioni, mlango ukiwa wazi.