Jibu la Posa Nililokwenda Nalo Panama

Nilikwenda Panama wikiendi ya siku tatu, mwezi wa pili, nikiwa na neno moja la kumwambia rafiki yangu. Neno lenyewe ni "hapana." Nilikuwa nimekaa nalo tangu mwezi wa kumi, na miezi minne ni mingi kwa neno fupi namna hiyo.

Mwezi wa kumi alikuja kwangu Etobicoke, huku Toronto, ghorofa ya kumi na moja, amebeba sanduku la mithai, vitamutamu vyetu vya Kihindi. Tumejuana miaka thelathini, tangu tulipokuwa wageni sote wawili katika jengo moja la Parkdale, tukifua nguo pamoja kwenye mashine za chini na kuisema vibaya baridi. Mumewe alipofariki, mimi ndiye niliyelala kwake siku arobaini. Nilipoona sanduku limefungwa utepe nikajua hiyo si mithai ya bure. Akanywa chai, akaweka kikombe, akasema mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Calgary, anamtaka binti yangu.

Binti yangu nilimwuliza siku ile ile. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kijana ni mtu mzuri, wamekua pamoja, anamwona kama kaka yake, na jibu ni hapana. Akaongeza kwamba nimwambie mama wa kijana kesho.

Kesho! Huyu amezaliwa Canada, hajui. Sisi Wahindi wa Tanga posa hatuikatai. Posa isiyotakiwa huambiwa "tutaangalia," halafu "Mungu akijaalia," halafu binti bado anasoma, halafu mama wa binti anaanza kuumwa kichwa kila akialikwa, mpaka wale wa upande wa pili waelewe wenyewe waende kuposa kwingine. Mama yangu alikataa posa tano za dada zangu bila kutamka neno, na wote aliowakataa walikuja kumzika. Basi nami nikafuata mtindo wa mama. Nikamwambia rafiki yangu tutaangalia, nikala mithai yake, kisha nikaanza kujificha.

Kujificha Toronto si kazi, baridi yenyewe inakusaidia. Ijumaa tulizozoea kula pamoja nikasema zamu zangu za duka la dawa zimebadilika. Msikitini nikawa nakaa nyuma kabisa, karibu na viatu, ili nitoke wa kwanza. Simu zake nikaziacha ziite. Kuna juma moja la mwezi wa kumi na moja alinipigia mara tisa. Niliitazama simu ikitetemeka juu ya meza nikasema, ama kweli mama huyu ana haraka ya mkwe. Nikamtumia ujumbe wa sauti, shoga, kazi zimenizidi, nitakupigia. Sikupiga. Yeye naye akanyamaza, nami nikashukuru.

Aliyenitoa mafichoni ni rafiki yetu wa tatu, mwanamke wa Mombasa anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Wenzake wengi kazini wanatoka Amerika ya Kusini, na miaka yote ile wamemfundisha Kihispania cha jikoni na cha matusi. Alijua mimi na mwenzangu tumenuniana, hakujua sababu. Akaona tiketi za bei rahisi kwenda Panama, akakata tatu, ndipo akatuarifu.

"Mwaenda," alisema. "Sitaki kusikia zamu wala kichwa. Nyote mwanichosha kwa kununa."

Nikasema moyoni, haya basi, huko huko nitalisema. Mbele ya bahari hata habari mbaya huenda ikapokelewa vizuri. Ndivyo nilivyojidanganya.

Uwanja wa ndege nilimwona rafiki yangu kwa karibu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alikuwa amekonda. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za nyumbani kama watu waliokutana benki. Moyoni nikasema, mimi ndiye niliyemkondesha kwa kumning'iniza na posa yake. Niliona aibu sana.

Kijiji kilikuwa pwani ya Karibea, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini. Barabara moja, nyumba za mbao zilizopakwa buluu na waridi, kuku wanaovuka bila kuangalia, na ukuta wa ngome kuukuu wenye mizinga iliyoshika kutu. Watu wa pale ni weusi. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake alitutazama sana, vitambaa vyetu vya kichwa na masweta tuliyofunga kiunoni, akijaribu kukisia tumetoka wapi. Tulikodi chumba kimoja chenye vitanda vitatu na feni iliyokuwa ikilalamika.

Jumamosi nilijaribu mara tatu. Kwenye kifungua kinywa nilifungua mdomo, nikaomba chumvi. Tulipotembea kwenye ngome nilimshika mkono nikamwambia, "Shoga, kuna jambo," akageuka akanitazama usoni, nikamwambia jambo lenyewe ni kwamba jua kali, ajipake mafuta. Mara ya tatu sikufika hata kwenye shoga. Chevda, ule mchanganyiko wa kukaanga wenye pilipili tuliyobeba kutoka nyumbani, niliimaliza mimi karibu yote, kwa wasiwasi.

Jumapili asubuhi tukapanda boti ya mashine kwenda visiwani. Mwenye boti alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, aliyetufunga maboya kifuani mmoja mmoja kama anavisha watoto. Kisiwa cha kwanza kilikuwa mchanga na minazi michache tu. Tuliingia majini na nguo zetu zote, suruali ndefu, gauni na kitambaa cha kichwa, na yule wa Mombasa akaelea chali akisema hivi ndivyo anavyotaka kustaafu. Kisiwa cha pili ndiko alikokuwa akiishi mama wa mwenye boti. Alitushusha pale saa sita, akasema anakwenda kuchukua abiria wengine na atarudi saa tisa.

Mama yule alikuwa anapika. Jiko lake lilikuwa la mabati, limeachwa wazi pande zote, na harufu iliyotoka humo ilinisimamisha. Ulikuwa wali wa nazi na mbaazi. Nakula wali wa mbaazi tangu sijaota meno, na hapo nilikuwa Panama, nguo zimeloa, njaa imenishika, na sufuria ile ingeweza kuwa ya mama yangu Tanga. Pembeni palikuwa na samaki wa kukaanga. Nikawachungulia kama wana magamba, maana kwa madhehebu yetu asiye nayo haliwi. Walikuwa nayo, halali kabisa.

Mama akatuona, akapunga mwiko, akasema maneno.

"Yuwatukaribisha tule," akatafsiri yule wa Mombasa.

Basi tukafanya kama tulivyolelewa. Tukaweka mikono vifuani, tukatabasamu, tukatikisa vichwa. Mimi nilisema asante, tumeshiba. Rafiki yangu akasema asijisumbue. Hata yule wa Mombasa, ambaye hajawahi kushiba, akasema kwa Kihispania kwamba tumekula, shukrani. Kwetu hiyo ni heshima ya mara ya kwanza. Mwenye nyumba anasisitiza, unakataa tena kidogo, anakasirika kidogo, anakuvuta mkono, unakaa, unakula sahani mbili.

Mama yule akaitikia kwa kichwa. Akafunika sufuria. Akavuta kiti akaketi kula chakula chake.

Tulikaa chini ya mti tukingoja avute mkono wa mtu. Nusu saa ikapita. Yule wa Mombasa alikuwa anamtazama samaki kama jamaa aliyeondoka bila kuaga.

"Mwenye njaa hana miiko," akasema. "Nendeni mkamwambie."

"Nenda wewe, ndiye unayejua lugha," nikamjibu.

"Ntaanzaje? Nishamwambia tumekula!"

Tukaendelea kukaa, watu wazima watatu, wajukuu wanakaribia, tunakufa njaa hatua kumi kutoka kwenye wali. Hatimaye rafiki yangu akainuka. Akatembea mpaka jikoni, akasimama mbele ya mama yule, akashika tumbo lake, akaonyesha sufuria. Mama akaangua kicheko. Akapakua sahani tatu, na huku akipakua alimuuliza swali yule wa Mombasa, ambaye alishafika pale mbio.

"Asema, kama mlikuwa na njaa, mbona mlisema hamna?"

Tulikula, na ulikuwa wali mtamu kweli, lakini mimi swali lile lilinikwama kooni pamoja na mwiba. Nilimwangalia rafiki yangu akila kwa mkono, ametulia, nikajua nikirudi Toronto na neno langu sitamwambia tena maisha.

Baada ya kula yule wa Mombasa alibaki akimsaidia mama kuosha vyombo. Sisi wawili tulikwenda kukaa ufukweni, miguu ndani ya maji. Nikasema bila kumtazama.

"Binti yangu amekataa. Alikataa siku ile ile. Nilishindwa kukwambia. Nisamehe."

Alichezea mchanga kwa kidole cha mguu.

"Hilo nalijua tangu mwezi wa kumi," akasema. "Alimwandikia mwanangu mwenyewe, kwa adabu, wakamalizana. Mwanangu ana mchumba sasa, msichana wa huko huko. Wewe ulidhani nangoja nini?"

Nilicheka. Kweli nilicheka, kwa jinsi nilivyojisikia mwepesi. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa ananipigia simu namna ile, mara tisa kwa juma moja.

"Nilikutwa na uvimbe kwenye titi," akasema.

Alinieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kwamba walikata kipande wakapeleka kupima, na majibu yalichukua siku kumi na nane. Kwamba hakutaka kumtisha mwanawe kwa simu, na yule wa Mombasa asingeweza kuificha habari hata dakika moja. Kwamba alitaka kuniambia mimi. Alipopata ujumbe wangu wa kazi zimenizidi, aliusikiliza mara mbili, akaacha kupiga. Siku ya majibu alipanda basi peke yake. Pale wagonjwa walipokaa wakingoja kuitwa palikuwa na mama mmoja Mjamaika, mgonjwa kama yeye, hawajawahi kuonana. Mama huyo akamwona rafiki yangu anatetemeka, akamshika mkono, na rafiki yangu alipoitwa akaingia naye mpaka ndani kwa daktari.

"Haikuwa saratani," akasema. "Uvimbe tu. Wameutoa. Nimepona."

Nikalia. Nilitaka aseme kuna matibabu bado, kuna miadi ya wiki ijayo, kuna siku hata moja iliyobaki ambayo naweza kumpeleka, nikae naye, nimshikie mkoba. Najua ni dhambi kutaka hivyo. Hapakuwa na siku iliyobaki. Hofu yote alishaimaliza, na aliyekuwa amemshika mkono hakuwa mimi.

"Mimi sikukasirika juu ya posa," akasema. "Watoto wana haki yao. Nilichokasirikia ni kwamba uliona jina langu kwenye simu mara tisa, ukadhani nimekuja kudai."

Nikamwomba radhi. Nikamwomba tena, nikamshika magoti kama tunavyofanya kwa mama zetu. Alinizuia, akanifuta mchanga usoni kwa ncha ya kitambaa chake.

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Nikikusamehe nitakwambia."

Boti ilikuja saa tisa kamili. Yule wa Mombasa alituona macho mekundu, akadhani ni chumvi ya bahari, nasi tukamwacha adhani hivyo. Jumatatu tulirudi, tukakuta theluji imefunika magari yote.

Sasa ni mwezi wa saba. Tunakula pamoja kama zamani, kwake au kwangu. Harusi ya mwanawe mimi ndiye niliyesimamia pilau, watu mia mbili, na wageni waliisifu, naye akasema mbele ya watu kwamba hakuna mpishi kama mimi. Ananitania na kunituma dukani, na kitanda changu anakilalia akichoka. Mimi simuulizi. Nikimpakulia namtazama usoni, kisha nakaa.

Hajaniambia.