Kazi ya Jiji Iliyokosa Mwombaji Hata Mmoja

Mwaka jana ofisi ya jiji hapa Eldoret ilitangaza kazi ya kudumu, yenye pensheni na mshahara wa kumtosha mtu na watoto wake, na hakuna mtu aliyeomba.

Sisemi waliomba wachache. Nasema hakuna. Kwa Kenya hii, ambapo nafasi mbili za kufagia huleta watu elfu moja na bahasha zao za khaki.

Mtu aliyesababisha hayo ni mimi. Kaeni vizuri niwaeleze, na nikimaliza mnitukane taratibu.

Naitwa Muchiri. Nina cyber ndogo katikati ya mji, yenye printa mbili, moja nzima na moja ya kuombewa. Jirani yangu ni Abdinasir wa spea za magari, ambaye huja kunywa chai yangu na kunikosoa. Ile ofisi ya jiji sitaitaja kwa jina lake. Tuiite Jumba.

Kwanza muuelewe ugonjwa wangu. Mimi siwezi kuchapisha karatasi nikakosa kubaki na nakala mbili.

Ulianza Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Nyumba yetu ilichomwa, na ndani yake kulikuwa na briefcase ya baba yenye vyeti vyetu vyote, vyangu na vya dada yangu Wanja. Tulikaa kwenye hema pale Showground miezi saba. Kwenye kila foleni, iwe ya blanketi, ya unga au ya dawa, kulikuwa na mtu mwenye kalamu.

"Kitambulisho?"

"Iliungua."

"Uko na kitu ya kuonyesha iliungua?"

Siku hiyo nilijua serikali haiamini moto usio na muhuri.

Kwa hivyo nilipofungua cyber mwaka uliofuata, nilinunua sanduku la bati. Vyeti vya wateja siweki, msije mkanishtaki. Ni matangazo ya kazi tu. Watu walikuja kuyachapisha kila wiki, na mimi nikayatia sandukuni, nakala mbili mbili, miaka kumi na tano.

Wiki moja stima ilipotea siku tatu mfululizo. Nikayatandaza sakafuni ili nisife kwa uvivu, na hapo ndipo nilianza kuona mambo.

Niliona kwamba mshahara na makaratasi havipatani. Tangazo la mfagiaji lilidai vitu kumi na moja: cheti cha sekondari, good conduct ya polisi, barua ya chifu, barua ya pasta au imamu, na ujuzi wa kompyuta. Nikajiuliza anaenda kufagia nini humo ndani. Tangazo la mkurugenzi lilidai vitu vinne, na kimoja kilikuwa "awe na maono."

Kazi za serikali pia huenda kwa herufi, zinaitwa job group. Herufi za chini ni za ufagio na jembe. Kadiri zinavyopanda ndivyo unavyokaribia kiti cha kuzunguka. Tangazo la herufi ya chini hukaa wazi wiki tatu, wananchi wajitokeze kwa wingi na wapigwe picha. La herufi ya juu hutoka Alhamisi jioni na kufungwa Jumatatu saa sita mchana.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye sifa za mwombaji. Kuna mwaka walitafuta Msimamizi wa Maegesho ya Magari "mwenye uzoefu wa kukodisha hema na viti." Nilimtajia Abdinasir mtu atakayeipata kabla hata ya interview. Akaipata. Mwingine alitakiwa awe ameishi ng'ambo "kati ya miaka miwili na miwili na nusu." Huyo naye nilimtaja, pamoja na jina la mjomba wake.

Na kuna kundi ambalo sikuwahi kuliona kwenye tangazo lolote. Vibarua. Hao huingia kimyakimya, hufanya kazi yenyewe, na hubaki vibarua mpaka wazeeke.

Nikaweka ubao nje ya cyber. Nilibandika kila tangazo jipya, na lile nililolishuku nililiandikia kwa kalamu nyekundu: HII INA MWENYEWE. Watu walipiga picha wakarushiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Wakaacha kupoteza nauli. Mtaani nikaanza kuitwa Profesa, na sikukataa.

"Wewe unasoma hizi karatasi kama daktari wa hospitali ya Plateau anasoma X-ray," Abdinasir aliniambia siku moja. "Lakini daktari akishasoma anakupatia dawa. Wewe unawaambia tu waende nyumbani."

"Nawaokolea muda."

"Warya wewe, na kama siku moja uko wrong?"

Nilimwongezea chai anyamaze.

Sasa niwaeleze kuhusu dada yangu, maana haya yote yanamhusu yeye.

Wanja aliingia Jumba mwaka 2010 kama kibarua wa masijala ya masoko. Rejista ya vibanda ilikuwa imeteketea wakati wa ghasia, na watu watatu walikuwa wakidai kibanda kimoja. Dada yangu alizunguka soko baada ya soko na daftari, akiuliza nani alikuwa akiuza wapi kabla ya moto. Alikaa chini na waliokimbia, na akakaa chini na waliobaki. Ilimchukua miaka mitatu. Mpaka leo, ukigombania kibanda mjini humu, kinachoamua ni mwandiko wa Wanja.

Mwaka 2018 Jumba likatangaza kazi hiyo hiyo, sasa ikiwa na herufi nzuri. Wanja akaomba. Kwenye interview walimwambia hana vyeti asilia. Akawaeleza habari ya moto, nao wakamwambia pole. Kazi akapewa shemeji ya mtu, na Wanja akaamriwa amfundishe. Baada ya miezi minne yule bwana akapandishwa cheo.

Wiki hiyo Wanja alilala kwangu, hakula, na alilia hadi sauti ikakauka. Niliumia sana kumwona hivyo. Alipopata nguvu alisafiri Nairobi mara mbili, akarudi na barua ya baraza la mitihani inayothibitisha alama zake. Akaifunga kwa plastiki na kuiweka kwenye Biblia.

Tukafika mwaka jana. Miezi miwili baada ya Eldoret kupandishwa kuwa jiji, tangazo likatoka: Msimamizi wa Rekodi za Masoko. Kazi ya kudumu. Lilikuwa wazi wiki tatu nzima, jambo lililonishangaza kidogo. Mwombaji awe na miaka kumi au zaidi ya kurejesha rekodi za vibanda zilizoharibika. Na chini kabisa: "Ambaye vyeti vyake viliharibika anaweza kuleta barua ya uthibitisho."

Nililisoma nikacheka peke yangu. Miaka kumi na tano sikuwahi kuona serikali ikisamehe vyeti. Hapo lazima kulikuwa na mtu asiyekuwa navyo, na mimi nilimjua.

Mkuu wa masijala alikuwa Mama Hulda, mama wa Moiben, wa upande wa wale waliobaki sisi tulipokimbia, amebakisha wiki chache kustaafu. Ana mpwa anayeitwa Kiprono, dereva wa lori la maziwa aliyeacha shule kidato cha pili. Na Jumatatu hiyo hiyo Kiprono alikuwa amekuja kwangu kupiga picha za passport, amevaa tai.

Nikachukua kalamu nyekundu: HII INA MWENYEWE. MOIBEN.

Saa saba mchana Wanja akaingia na tangazo mkononi.

"Muchiri, umeona hii?"

"Nishaibandika."

"Hii si ndio kazi mimi hufanya?"

"Hata ya 2018 ilikuwa ile wewe hufanya. Nani alipewa?"

Akaweka kidole chini kabisa ya tangazo.

"Lakini hii wameandika barua iko sawa. Na mimi niko nayo."

"Wanja, skiza. Hapo ndio wamejianika. Wamefungulia mtu wa form two mlango. Wewe utaenda tu kuwapambia shortlist ionekane iko na watu."

"Na nikijaribu tu?"

"Ulijaribu ile ingine. Nani alikaa na wewe hiyo wiki yote?"

"Ni wewe," alisema.

Akalikunja lile tangazo mara nne, akalitia mfukoni na kurudi kazini. Nilijiambia nimemwokoa. Jioni nilimnunulia nyama.

Wiki tatu zikapita. Picha ya ubao wangu ilizunguka kila grupu la watafuta kazi hapa mjini. Siku ya kufunga ikafika, na habari zikatoka Jumba kwamba bahasha zilizopokelewa ni sifuri. Vijana walikuja kunipongeza. Mimi nilitabasamu nikingoja Kiprono atangazwe, maana niliamini yake ingepitishwa kwa dirisha.

Siku chache baadaye Mama Hulda mwenyewe aliingia cyber. Alikuwa na cheti chake cha kustaafu, anataka kipigwe lamination. Njiani alikuwa amesimama mbele ya ubao.

"Muchiri, hiyo maandishi nyekundu ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Sawa. Wacha nikuulize kitu kama mzazi. Dada yako amepata kazi ingine?"

"Hapana."

"Sasa mbona alikataa yangu?"

Nilikuwa nimeshika cheti chake, nikakirudisha mezani.

"Hiyo nafasi nimeipigania miaka mbili," alisema. "Wakubwa walitaka niandike degree. Nikasema hapana, andika miaka kumi ya kurudisha rekodi. Nikawaambia waweke hiyo maneno ya barua. Walinicheka sana. Mimi nilikuwa kwa hiyo interview ya 2018, Muchiri. Nilikuwa mdogo kwa cheo, sikusema kitu. Ilinikaa."

"Si ungemwambia tu aombe, Mama?"

"Nimwambie aje na mimi ndio nakaa kwa panel? Si hiyo ndio mambo unaandika hapo nje?" Alikuwa akiongea polepole, bila hasira. "Sikuandika Wanja. Niliandika kazi vile iko. Kama inafanana na yeye, ni kwa sababu ni yeye ameifanya."

"Na Kiprono?"

"Kiprono ako Qatar. Alienda kuendesha lori. Kwani amefanya nini?"

Niliwasha mashine ya lamination, nikaizima.

"Mimi nilifikiria dada yako amechoka na sisi watu wa huku," alisema. "Na singemlaumu."

Alichukua cheti chake na kwenda. Ijumaa hiyo alistaafu. Nilitoka nje nikatoa lile tangazo ubaoni, na Abdinasir alikuwa mlangoni pake akiniangalia. Siku hiyo hakuja kunywa chai.

Wanja sikumwambia. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kujipa. Nilijiambia nitamweleza kesho, na kesho ikawa Januari.

Januari tangazo jipya likatoka, siku ya Alhamisi jioni. Mkurugenzi Msaidizi wa Mageuzi ya Kidijitali ya Masoko. Nafasi ilikuwa ile ile ya Mama Hulda, ila herufi zilikuwa zimepanda tano. Vyeti asilia pekee. Awe na shahada ya mawasiliano. Awe na maono. Mwisho ni Jumatatu.

Wanja aliingia nalo akicheka.

"Profesa, hii nayo ni ya nani?"

Nikajaribu kucheka nikashindwa. Nikamketisha kwenye kiti cha wateja na kumwambia yote, kuhusu Mama Hulda, ile barua, interview ya 2018, na Kiprono na tai yake. Nilisema haraka nisije nikaacha katikati.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliangalia printa muda mrefu.

"Ile tangazo ya Mama Hulda," alisema mwishowe. "Ulibaki na copy?"

"Ziko mbili."

"Nipe moja."

Nililitoa sandukuni. Alilisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika pale pa vyeti vilivyoharibika. Hapo alikaa sana.

"Miaka kumi na nne," alisema. "Hii ndio karatasi ya kwanza serikali imewahi kuandika venye mimi niko. Nipigie lamination."

Nikampigia. Upande mmoja ukatoka na kunyanzi, na sikuweza kuurekebisha.

Yule mkurugenzi mpya aliingia mwezi wa pili. Anampigia Wanja simu kila asubuhi kumuuliza masoko yako wapi. Wanja bado ni kibarua, na lile tangazo amelibandika ukutani juu ya meza yake. Mkurugenzi alimuuliza hicho ni cheti gani.

"Ni original yangu," Wanja alimjibu, akaendelea kuandika.

Ubao wangu bado uko, lakini kalamu nyekundu nilimpa Abdinasir, anaandikia bei za spea.

Mnaosubiri funzo, hili hapa. Mimi nilisoma yale matangazo miaka kumi na tano nikitafuta mwizi, na mara nyingi nilimpata. Siku mtu mwaminifu alipoandika lake, nilimtafutia wizi mpaka nikamtungia, kwa sababu ya mahali anakotoka. Mimi niliyeunguliwa vyeti niliona neno la kunifaa nikaliita mtego.

Kwa hivyo kazi ikifanana na wewe, omba. Wakikunyima, wakunyime wao. Usinyimwe na ndugu yako.