Shahidi wa Tangi la Buluu

Zamani, katika soko la mifugo la Migwani, mtu aliyeuza ng'ombe alitaja kasoro yake mbele ya watu kabla ya kutaja bei, na siku hizi mtu anauza kitu cha kuua kwa picha nne za simu, bila kuijua hata sura ya anayekinunua.

Muthama ameziishi enzi zote mbili, na hilo ndilo balaa lake. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa shahidi wa soko. Haikuwa kazi ya serikali, haikuwa na sare wala mshahara. Muuzaji alileta mnyama, Muthama akasimama katikati ameshika kamba, na muuzaji akasema: huyu anapiga teke akikamuliwa, huyu alitupa mimba mwaka juzi, huyu jicho la kushoto halioni vizuri. Asiposema, Muthama alimpapasa mnyama mwenyewe kuanzia masikio hadi mkia, mpaka kidole chake kikute kilichofichwa. Kisha walipatana, kamba ikahama mkono, naye akatamka, "Kamba imepita." Baada ya hapo hakuna aliyefufua jambo. Muuzaji hakudai, mnunuzi hakulalamika, na shahidi mwenyewe alifunga mdomo. Angekuwa na lipi la kusema, wakati yote yalikuwa yamesemwa?

Soko likaja kuzungushiwa ua. Wakaja makarani wa ushuru na vitabu vyao, wakaja madalali wenye viatu vyeupe, na asubuhi moja dalali aliyekuwa na umri wa mjukuu wake akamwambia, "Mzee, kaa kando, unatuzibia njia." Akakaa kando. Alikaa kando miaka kumi na mmoja, akisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni, na hakuna aliyemwita tena kushuhudia hata uuzaji wa kuku.

Ndiyo sababu Mutanu alipompigia simu, alijihisi kama aliyeamshwa kutoka kaburini.

Mutanu ni binti yake wa pili. Aliolewa Matiliku, na mumewe alipofariki alimwachia kibanda cha kuziba pancha na pampu ya mkono iliyomvunja bega. Mwaka huu aliona kompresa, mashine ya kujaza upepo, kwenye kundi la kuuziana vitu katika simu: tangi la buluu, magurudumu mawili madogo, maneno chini yake, "Imetumika kidogo, haina shida yoyote." Muuzaji alikuwa Mtito Andei. Mutanu alichukua mkopo wa chama cha akina mama wa kanisa lake, akalipa kwa simu, na kompresa ikaletwa juu ya lori la vitunguu.

"Nau," alimwambia, kama alivyomwita baba yake tangu utotoni, "ile mashine inapumua."

"Mashine inapumuaje?"

"Njoo uione. Mimi naiogopa."

Alipofika Matiliku alikuta Mutanu ameisukuma nje ya kibanda, mbali na watu, kama anavyotengwa mbuzi mgonjwa. Rangi yake ilimetameta. Mutanu alikuwa amezungushia mshikio wake utepe wa mpira wa tairi, mweusi, umefungwa kwa fundo la kike, kwa sababu siku ya kwanza alikuwa ameipenda na hakutaka imchubue mkono. Muthama alichuchumaa mbele ya tangi. Hakujua lolote kuhusu kompresa. Alijua kupapasa tu.

Akapitisha kiganja juu ya tangi, akashuka ubavuni, akaingiza vidole chini tumboni. Hapo vidole vikasita. Rangi ilikuwa nene mahali pale, nene kama kovu. Akaokota spana, akaligonga tangi juu: likalia kama kengele. Akaligonga chini: likatoa sauti ya kibuyu kilichooza.

"Mwite fundi," alisema.

Kasyoki, mchomeleaji wa vyuma wa jirani, alikuja akitafuna muwa. Alifungua kizibo cha chini, na maji yakatoka mekundu kama supu ya maini. Akakwangua rangi kwa patasi. Chini ya rangi kulikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa, na kuzunguka kiraka chuma kilikuwa kimelika hadi kuwa chembamba kama jani. Kasyoki aliacha kutafuna.

"Mama Pancha," akamwambia Mutanu, "umekuwa ukijaza hii kitu mpaka wapi?"

"Mpaka mshale unaingia kwa ile nyekundu. Si ndiyo kazi yake?"

"Mungu anakupenda kuliko mimi. Hii si kompresa, hii ni bomu iliyovaa rangi. Siku itachoka, itachukua kibanda, itakuchukua wewe, na yule mteja ameinama hapo kando akingoja chenji."

"Wacha mzaha, Kasyoki."

"Unaniona nikicheka?" Akamgeukia Muthama. "Mzee, dawa ni moja. Nitoboe tundu hapa kubwa la kupitisha kidole, isijazwe tena na mtu yeyote."

"Ngoja kwanza," Mutanu alisema haraka. "Ikitobolewa atanirudishia pesa kweli?"

Hawakuitoboa. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na wakati huo lilionekana kuwa busara.

Mutanu aliweka picha ya kiraka kwenye lile kundi, akaandika jina la muuzaji: Mwangangi. Jioni hiyohiyo watu sitini walikuwa wamelisoma onyo lake. Mwangangi alimtukana kwanza, akamfungia simu, na siku ya tatu, baada ya wateja wawili kumkimbia, akapiga mwenyewe akiwa mpole kama asali. Ni Muthama aliyeipokea simu. Aliuliza alivyozoea kuuliza: wewe ni wa nani, kwenu ni wapi? Ikajulikana kwamba Mwangangi ni mwana wa Mutisya, ambaye kwa miaka mingi alileta mafahali soko la Migwani.

Moyo wa mzee ulitulia. Mwana wa Mutisya! Basi jambo hili lingezungumzika.

Walikutana Mtito Andei, katika hoteli ya chai nyuma ya kituo cha mafuta, kompresa waliyokuja nayo ikiwa imesimama mlangoni. Malori ya barabara ya Mombasa yalikuwa yakipita, na kila lilipopita vikombe vilitetemeka mezani. Mwangangi alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye simu tatu. Aliagiza nyama kabla ya kuulizwa.

"Nilimjua baba yako," Muthama alianza. "Mwaka mmoja wa njaa alileta fahali mwekundu. Mnunuzi alikuwa tayari, pesa mkononi. Baba yako akasema mbele ya watu, huyu ana kikohozi cha usiku. Mnunuzi akaondoka. Mutisya akarudi na fahali wake nyumbani, na huko hakuna unga."

"Na ndiyo maana alikufa maskini, mzee," Mwangangi alijibu. "Kula nyama, inapoa."

Mutanu aliangalia chini. Muthama hakugusa nyama.

"Nataka mambo mawili," alisema. "Umrudishie mtoto wangu pesa zake. Na kabla hatujaondoka, tangi hili litobolewe hapa, mbele ya hawa watu, na useme kasoro yake kwa mdomo wako."

Mwangangi alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mzee wangu, mimi si mtu wa maneno mengi. Pesa iko hapa kwa simu, yote. Nafinya tu. Lakini nikirudisha pesa, mashine ni yangu, na mali yangu haitobolewi. Chagueni. Pesa ama tundu."

Lori likapita. Vikombe vikatetemeka.

"Nau," Mutanu alinong'ona, "chama wanakuja Jumamosi. Watachukua mlango wa nyumba. Walichukua wa Mbithe alipochelewa kulipa."

Muthama alimtazama binti yake, akaona bega moja lililoshuka kuliko lingine. "Pesa," akasema.

Kulikuwa na masharti, kama yanavyokuwapo siku hizi. Mutanu afute picha ya kiraka, na mahali pake aandike kwamba mambo yameisha vizuri na Mwangangi ni mtu wa kuaminika. Na kulikuwa na karatasi, tayari imechapishwa, yenye nafasi ya sahihi ya shahidi. Muthama alivaa miwani. Alijifundisha kusoma mwenyewe, na alisoma polepole. "Mashine imerudishwa ikiwa nzima na bila kasoro."

"Hii si kweli," alisema.

"Ni maneno ya karatasi tu, mzee. Nani husoma?"

Aliisoma mara ya pili. Kisha akatia sahihi. Simu ya Mutanu ikalia mlio mfupi wa pesa kuingia, naye akafunga macho na kushukuru Mungu.

"Bado jambo moja," Mwangangi alisema akifuta mikono. "Sema lile neno lenu la sokoni. Baba alinisimulia. Nataka liishe kizee."

Na Muthama, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwomba alitamke, akahisi fahari ndogo ya kijinga ikimpanda kifuani. "Kamba imepita," akasema.

Neno lilipotoka ndipo akaelewa. Amefunga jambo ambalo kasoro yake haikutajwa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Aliangalia mlangoni. Tangi la buluu lilikuwa limesimama juani, kimya, kana kwamba nalo limesikia.

Wiki mbili hakulala vizuri huko Migwani. Alisikia ile sauti ya kibuyu kilichooza kila sufuria ilipogongwa. Mutanu alilipa chama, akarudi kwenye pampu ya mkono, na alipopigiwa simu alisema, "Nau, achana nayo. Si yetu tena." Hilo ndilo lililomtisha: si yetu tena. Mwishowe aliuza beberu wake mkubwa, akashika njia ya Mtito Andei. Alikuwa amepanga hivi: atainunua mashine yeye mwenyewe kwa bei yoyote, aivingirishe hadi kwa mchomeleaji yeyote, aseme, toboa. Mnunuzi akiwa yeye, hatakuwa amelifufua jambo lolote.

Uwanja wa Mwangangi ulikuwa nyuma ya nyumba za kulala wageni: friji zilizosimama kama masanduku ya maiti, televisheni zilizovunjika, baiskeli. Langoni kulikuwa na pikapu, na nyuma ya pikapu kompresa nyekundu. Muthama alivuta pumzi ya afueni, nyekundu si yake. Kisha akauona mshikio. Utepe wa mpira wa tairi, mweusi, fundo la kike. Mwangangi hakuwa amesumbuka hata kuufungua.

"Nimekuja kuinunua ile," alisema, akitoa pesa za beberu.

"Umechelewa nusu saa, mzee. Ina wenyewe." Mwangangi akasogea, akaongea kwa Kikamba, sauti ya chini, huku akitabasamu kwa ajili ya watu. "Na usisahau karatasi. Ukisema ilikuwa mbovu, basi mlinirudishia mbovu mkasema ni nzima. Nitaenda Matiliku na askari, nichukue pesa yangu kwa binti yako."

Wenyewe walikuwa mume na mke, vijana. Githaiga, ambaye wazazi wake walihamia barabara hii kutoka Murang'a, alikuwa akikaza kamba. Gakenia alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana.

"Guka, habari yako," Gakenia alimsalimu kwa heshima, kama babu yake. "Wewe unamjua huyu Mwangangi? Mimi kwa hizi vitu za simu naogopa sana."

"Ananijua vizuri!" Mwangangi akadakia. "Huyu mzee na binti yake tumefanya biashara. Someni wenyewe." Akawaonyesha simu. Muthama aliyatambua maneno ya Mutanu: mambo yameisha vizuri, mtu wa kuaminika.

"Basi ni sawa," Gakenia alisema, na uso wake ukafunguka. "Tukisikia mzee amesema, tunatulia."

Muthama alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, kuanzia kiraka hadi maji mekundu. Aliona chama kikibeba mlango wa nyumba ya Mutanu. Aliona sahihi yake mwenyewe. Alilisikia neno lake la sokoni.

"Msiijaze sana," alisema.

Githaiga akacheka, akaruka chini. "Guka, tunafungua kibanda cha pancha pale malori yanalala. Tairi ya lori haibembelezwi! Hii tutaijaza mpaka ilie."

"Msiijaze," Muthama alirudia, lakini injini ilikuwa imewashwa.

Githaiga aliingia mbele na dereva. Gakenia alikataa kukaa mbele. Alisema barabara ni mbaya na mashine inaweza kuanguka. Akapanda nyuma, akaketi, akalikumbatia lile tangi kwa mikono miwili, tumbo lake likiligusa, shavu lake karibu na ile rangi mpya. Mwangangi alikuwa tayari anaongea na simu nyingine. Pikapu ilitoka langoni, ikageuka kuelekea yanakolala malori. Gakenia aliachia mkono mmoja, akampungia. Muthama, pesa za beberu zikiwa bado kiganjani, akampungia pia, na vumbi likawafunika. Hakuwaona tena.