Dereva Wetu Ukunguni

Tangu nchi ya choroa, wale swala wa jangwani, hadi pwani ya Mirbat, dereva wetu alishika usukani kwa vidole viwili, akimjibu kila aliyemwuliza njia kwa neno moja: "Mbele." Katika milima ya Dhofar ukungu ulitumeza. Upande mmoja kulikuwa na genge lishukalo baharini, nasi hatukujua ni upi. Dereva alizima injini, akasikiliza mawimbi.

"Bahari iko kushoto!" alisema Bi Shinuna, abiria mwenzetu.

"Kulia, mama! Masikio umeyasahau Maskati?" alitania mwanawe.

Dereva aliwasha tena injini. Akanikabidhi usukani, akashuka ili atangulie kwa miguu akiupapasa ukingo wa barabara.

"Fuata kilemba changu, mzee wangu," aliniambia. "Kikitoweka, funga breki, usinifuate."