Chui-milia wa Khurshid

Ukitoka Tanzania ukaja kuishi Toronto, watu watakupa kazi ya ubwana nyama bila hata kukuuliza. Mimi Thobias ni mtu wa Songea. Simba nimemwona kwenye noti ya elfu mbili. Lakini hapa huulizwa habari za simba kana kwamba kwetu tulikuwa tukiwafuga, nami, Mungu anisamehe, huwa najibu. Ndiyo maana sina ubavu wa kumcheka Mzee Sadrudin.

Mzee Sadrudin ana duka la dobi Don Mills, na kila Jumamosi nampelekea suruali zangu za kazi. Alizaliwa Mwanza, baba yake akiuza vitambaa, akaja huku mwaka 1974 akiwa na miaka kumi na minane. Uongo wake aliuanza majira ya baridi ya kwanza, kiwandani, mwenzake alipomuuliza kama amewahi kumwona simba.

"Kila siku," akajibu.

Kutoka Mwanza hadi lango la Serengeti ni safari ya asubuhi moja tu. Lakini duka la baba yake halikufungwa kwa ajili ya matembezi, na mbugani humo Sadrudin hakutia mguu. Ila uongo ulimkaa vizuri. Ukaongezwa faru, ukaongezwa chatu, wanawe wakakua nao. Kufikia miaka ya elfu mbili, wenzake wa jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, walikuwa wakimwita Sadru wa Serengeti, naye akiitika.

Mkewe Khurshid, mtu wa Bukoba, hakuwa na makuu. Alitaka kitu kimoja: kumwona chui-milia kwa macho yake. Mama yake alikuwa akiweka sindano na nyuzi katika mkebe wa biskuti wenye picha ya mnyama huyo, na Khurshid alikuwa akiihesabu ile mistari yake kabla hajajua kusoma. Magoti yalipoanza kumsumbua, daktari alimwambia kwamba kama ana safari ndefu moyoni, aifanye sasa. Februari 2013 wakajiunga na kundi la watu wa hapa, wakaenda katika hifadhi moja katikati ya India.

Siku mbili waliona swala wenye madoa, tausi, nguruwe mwitu, na nyayo za chui-milia kwenye vumbi. Mwenyewe hakuonekana. Asubuhi ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Walikuwa na magari mawili ya wazi, ndani ya msitu wa misaji na mianzi, wakati tumbili mwenye uso mweusi alipoanza kukohoa juu ya mti. Mwongozaji, mzaliwa wa vijiji vya pale pale, akainua mkono injini zizimwe.

"Huyo amemwona," akanong'ona. "Tukae kimya."

Zikapita dakika kumi. Watu wakaanza kujinyoosha. Mmoja akageuka akasema, "Wewe unasemaje, Sadru wa Serengeti?"

Angesema "sijui" mbingu zisingeanguka. Lakini mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Akakohoa kidogo, akasema kwamba kwao mnyama hasubiriwi, hufuatwa kwenye maji. Mwongozaji akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Khurshid, maana siku zote tatu ndiye aliyekuwa akimuuliza kama leo watamwona.

"Na wewe, mama?"

Khurshid akaitazama ile mianzi. Akamtazama mumewe.

"Msikilizeni mzee," akasema.

Bwawani walikuta bata. Gari la pili lilibaki nyuma, na lilipowafikia baada ya nusu saa, rafiki yao Rashida alikuwa akilia kwa furaha. Chui-milia jike alitoka kwenye mianzi ile ile, na watoto watatu, akalala katikati ya njia. Khurshid akapokea kamera, akaitazama picha muda mrefu, akasema "Mashallah," akairudisha. Wakiwa njiani kurudi alimenya chungwa akampa mumewe nusu.

"Lawama ningeivumilia," Mzee Sadrudin aliniambia. "Lile chungwa, Thobias! Nilitamani ardhi ipasuke."

Aibu hiyo alirudi nayo Toronto. Mteja akimtajia simba, alijifanya hasikii, akaingia kati ya makoti. Jamatkhana alikuwa wa mwisho kufika na wa kwanza kuondoka, asiulizwe habari za safari. Hatimaye, Jumapili moja ya mwezi wa nne, wakinywa chai jikoni, akashindwa kujizuia.

"Khurshid, mimi Serengeti sijawahi kuingia."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu mwaka tuliooana. Mama yako alinieleza kwamba Serengeti hukufika, na ulivyolia kwa kumwogopa simba wa kisiwa cha Saa Nane, pale pale Mwanza, naye yumo kizimbani. Ulikuwa na miaka tisa."

Mzee akaweka kikombe chini. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amekaa mezani na mtu anayemjua, akimsimulia faru.

"Sasa kwa nini pale msituni hukusema?" akauliza. "Neno moja tu, Khurshid. Ungemwona."

"Mbele ya watu, Sadru?" akasema, akamsogezea sahani ya mandazi.

Mzee Sadrudin aliishia hapo. Alinigeuzia mgongo akaanza kutafuta suruali zangu, nazo zilikuwa zimening'inia mbele ya uso wake.