Gari la mume wangu lilikuwa linapumua, na aliyeujua ugonjwa wake ni baba mkwe nisiyeruhusiwa kusema naye

Wakuu, za humu ndani.

Kuna jamaa ameuliza kuhusu sauti kwenye gari lenye mipira ya hewa badala ya springi. Nilitaka kumjibu kule kule, nikaona jibu linakuwa refu, bora nifungue uzi.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Hata nikitaka kutia chumvi siwezi, mume wangu amekaa pembeni hapa anachungulia simu.

Mimi ni nesi mstaafu, mzaliwa wa Singida. Miaka ya tisini mwishoni nilipangiwa Kyela. Nilienda nanung'unika, nikaolewa huko huko.

Mume wangu Ambokile alikuwa mfanyabiashara. Anavuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu na vitenge na sabuni, anashukia kwa shangazi zake Karonga, anarudi na sukari. Biashara ilishapewa ruksa, kila mtu anauza kitu.

Basi akaenda Dar akarudi na gari la mtumba. Aina siitaji, maana wenye nalo humu ni wakali. Lilikuwa kubwa, la kizungu, na lina kitufe. Ukikibonyeza gari linanyanyuka, ukikibonyeza tena linashuka.

Kyela ya wakati ule ni mji wa baiskeli. Watu walikuwa wanakuja nyumbani kuomba linyanyuliwe waone, na Ambokile ananyanyua. Mpaka leo naamini alinunua kitufe, gari akapewa nyongeza.

Kwa wasiojua: magari ya namna hii chini hayana springi za chuma. Yana mipira minne minene kama maputo, na mbele kuna kompresa ndogo inayoijaza upepo.

Baada ya miezi michache zikaanza sauti. Mbele kukawa na "ngrrrr" isiyoisha, hata ukizima injini inaendelea dakika nzima. Nyuma, pale nilipokuwa nakaa mimi, kukawa na "tsss" nyembamba.

Nikamwambia mume wangu. Akasema ni barabara. Nikamwambia gari limesimama. Akaongeza sauti ya redio.

Asubuhi tunakuta limekaa chini nyuma upande wa kushoto, kama ng'ombe anayetaka kulala. Ambokile anasema limepumzika. Anawasha, linanguruma, linainuka taratibu, ananiangalia kama aliyeshinda kesi.

Mwishowe akamwita fundi Gwakisa, fundi mzuri sana wa malori pale mjini. Gwakisa akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu, akatoka anapangusa mikono. Akaniambia kwa huruma kabisa:

"Shemeji, hili gari limeibiwa springi zote nne."

Hakuwa anatania, wakuu. Tulipomweleza habari ya mipira akapaka grisi kila kiungo alichokiona. Sauti zikabaki pale pale.

Sasa, kwa nini nilikuwa na haraka?

Baba yake Ambokile alikuwa anaishi kijijini Ikolo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Mwaka ule alishadumbukia kwenye mfereji wa shamba la mpunga mara mbili, na mara ya pili alikaa humo mpaka majirani waliposikia anaita. Kusafiri kwa basi alikataa kabisa, alisema haoni mlango uko wapi, watamkanyaga.

Hospitalini tukapata taarifa kwamba madaktari wa macho watakuwa Mbeya wiki moja tu. Nikamwandikisha. Siku yake ilikuwa Alhamisi, na lazima afike Jumatano. Kutoka Kyela kwenda Mbeya ni kupanda milima mpaka upite Tukuyu. Na gari letu lilikuwa linalala ubavu.

Kuna jambo la pili lazima mlijue. Wanyakyusa wa zamani wana mwiko: mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Ni heshima, siyo ugomvi. Mzee akija kwetu mimi naingia jikoni. Miaka miwili ya ndoa nilikuwa naijua kofia yake na kikohozi chake tu.

Jumanne mchana tukaenda Ikolo kumchukua alale kwetu, kesho yake tuondoke mapema. Mzee akakaa mbele. Mimi nyuma, kitenge kichwani, nimegeukia dirishani.

Hatujafika mbali mzee akamuuliza mwanawe hiyo mashine inayonguruma ni ya nini. Ambokile akajibu ni injini. Mzee akasema injini anaisikia, anauliza hiyo nyingine.

Hapo nikashtuka. Kumbe mzee ujana wake wote aliumalizia migodini Afrika Kusini, kwenye mitambo ya kutoboa miamba kwa upepo. Mabomba ya hewa alikuwa anayajua kuliko sisi wote.

Tukafika nyumbani. Ambokile akazima, ngrrr ikaendelea. Mzee akagoma kushuka.

Akasema kompresa haina ubaya wowote, inafanya kazi bila kupumzika kwa sababu kuna mahali upepo unatoka. Ikiachwa hivyo itaungua milimani huko. Akauliza upepo unatokea wapi. Ambokile akasema hakuna upepo unaotoka.

Mimi nyuma nimeng'ata kitenge.

Nikamnong'oneza mume wangu amwambie mzee kuna tsss huku kushoto. Akageuka akamwambia, "Anasema kuna kasauti kadogo tu, ka kawaida."

Mzee akauliza: tsss hiyo haibadiliki, au inakuja na kuondoka? Ambokile akaniuliza mimi kama nimechoka.

Nafikiri aliona aibu. Gari alilojivunia mji mzima, sasa linaanikwa na kipofu na mgeni wa Singida. Nilimwonea huruma, lakini siyo sana.

Mzee, bila kugeuka, akiwa ametazamisha uso mbele kwenye kioo, akasema:

"Mwanangu wa huko nyuma. Mitambo ya mgodini iliniua masikio, sauti nyembamba sizisikii tena. Wewe unaisikia. Niambie mimi mwenyewe."

Ambokile akazima redio.

Nikasema, "Haibadiliki, baba. Inatoka chini ya kiti changu, upande wa kushoto. Ni kama mashine yangu ya presha, mpira wa ule mkanda ukivuja. Unapampu, unasikia unatoroka."

"Kwenye mpira wenyewe, au kwenye bomba?"

Nikasema sijui. Lakini nikasema hospitalini, mara nyingi mpira huwa mzima, inavuja pale bomba linapoingilia.

Akacheka. "Na mgodini vile vile."

Gwakisa akaitwa tena. Mzee akatolewa kiti nje, akakaa karibu na tairi la nyuma, mimi nikasimama upande wa pili wa gari ili tusionane. Kichekesho ni kwamba yeye hakuwa anaona kitu. Aliyekuwa anaulinda mwiko kwa macho ni mimi peke yangu.

Mzee akaamuru magogo yawekwe kabla mtu hajaingia uvunguni, maana gari la upepo linaweza kushuka ghafla. Nikakoroga sabuni ya unga kwenye maji, nikaleta bomba la sindano bila sindano yake. Gwakisa akarusha maji ya sabuni kwenye mpira wote. Hakuna povu. Akarusha pale bomba linapoingilia.

Povu likaumuka kama maziwa yanayochemka.

Mzee akauliza povu liko wapi, nikamwambia. Akaelekeza upepo utolewe wote kwanza, bomba lichomolewe. Lilikuwa la plastiki ngumu, ncha yake imechubuka. Akasema kata kidogo tu, kata wima, rudisha. Gwakisa akakata kwa wembe, akarudisha mpaka likagonga mwisho.

Ambokile akawasha. Ngrrr ikalia, gari likanyanyuka sawasawa pande zote, halafu ikakata. Tukasubiri. Kimya kabisa.

"Ndaga fijo," mzee akasema, yaani asante sana. Sikujua anamshukuru nani, lakini tuliitika wote watatu.

Jumatano tukapanda milima bila tatizo, Alhamisi akafanyiwa upasuaji. Siku ya kufungua bandeji nilibaki nje ya wodi, kama inavyotakiwa. Ambokile akamwongoza mpaka kwenye gari. Mzee akasimama akalizunguka lote, polepole, akipapasa kutu na pale bampa ilipofungwa waya. Kisha akamwambia mwanawe:

"Uliniambia jipya."

Nilijificha nyuma ya mgomba nikacheka mpaka machozi.

Tulipokuwa tunashuka Tukuyu, akaongea tena, uso mbele, bila kugeuka. Akaniuliza kwetu Singida tunalima nini. Nikamwambia. Akauliza baba yangu yu hai. Nikamwambia hapana, alifariki nikiwa mdogo. Tulipofika chini, kwenye joto letu la Kyela, akasema basi nihesabu ninaye baba.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kwa macho aliendelea kunikwepa mpaka anafariki. Kwa maneno hakunikwepa tena.

Kwa hiyo jamaa yangu mwenye swali: kompresa ikilia bila kukoma, usikimbilie kuinunua nyingine. Tafuta kwanza upepo unatokea wapi. Maji ya sabuni, magogo ya kuzuia gari, na mtu wa kukaa nyuma akusikilizie. Na akikuambia anasikia kitu, mwamini.

Ambokile anasema nimemwonea kwenye habari ya kitufe. Wenye magari ya aina hii semeni ukweli wenu hapa chini, nanyi mlinunua nini. Na Wanyakyusa mliomo humu, kama mwiko nimeueleza vibaya, nirekebisheni taratibu, mimi ni mkwe wenu.