Landrova Isiyo na Rota

Sikuwahi kupenda magari. Lile la mtaani Nyakuron nililianza kwa hasira tu: hasira ya vumbi la bodaboda, na hasira ya Jumamosi ndefu ambazo mtu hana pa kwenda. Miaka ile ya baada ya mkataba wa amani Wakenya tulikuwa wengi Juba, na kila mmoja alikuwa na lake la kuulia muda. Wengine walikunywa. Mimi nilikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli ya makontena kando ya mto, na siku ya mapumziko niliamka saa ile ile ya kazi, nikiwa sina kitanda cha kutandika ila changu.

Chumba nilikipanga kwa mama mmoja mwenyeji, mrefu, mtu wa maneno machache. Alikuwa amejifunza Kiswahili Uganda, alikokimbilia na wazazi wake akiwa msichana katika vita vya kwanza vya Sudani. Uani kwake kulikuwa na landrova kuukuu iliyokaa juu ya matofali. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Bodi ilikuwa ya alumini, kwa hiyo kutu haikuigusa, lakini chesisi chini yake ilikuwa imeliwa, na nyigu walikuwa wamejenga kwenye kila tundu walilolipata. Sipendi kitu kilichoachwa nusu. Siku moja nikamwomba ruhusa ya kuitengeneza.

"Wewe najua arabiya?" akaniuliza, yaani gari.

"Sijui, mama. Nitajifunza."

Akafungua mlango wa gari, akamfukuza kuku. "Tengeneza. Bwana yangu akirudi, akute inatembea."

Nikauliza bwana yuko wapi. Akasema askari walimchukua wakati wa vita vya pili, asubuhi, njiani kwenda kazini, hapo hapo mjini. Alisema kama mtu anayekueleza mvua ilikatika saa ngapi. Kisha akaongeza kwamba siku hizi watu wanarudi, hata wale waliosemekana wamekufa. Hilo lilikuwa kweli. Kila tishari lilipofika kutoka kaskazini likiwa limejaa watu, vitanda na mbuzi, alifunga begani lawo yake safi, ile shuka ya wanawake wa kwao, akaenda bandarini kutazama nyuso. Alirudi na samaki mkavu, au bamia, au fungu la kuni. Hakuwahi kurudi mikono mitupu.

Fundi nilimpata Jebel, Mganda mmoja mwenye gereji ya turubai chini ya mlima. Alikuja, akafungua boneti, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Madam, hii si gari. Hii iko nyumba ya kuku."

Lakini alikubali, kwa sababu alipenda sana kusimulia watu kwamba anafufua magari. Yeye alielekeza, mimi nikafanya. Nilikwangua tope la nyigu kwenye mipira na mabomba. Nilisaga valvu kwa dawa ya mchanga mpaka vidole vikakosa hisia. Nilijifunza kwamba nati iliyoshika kutu haipigwi nyundo, hutiwa mafuta ikaachwa ilale, na kwamba mimi si mtu wa kuacha nati ilale. Nilizivunja tatu kabla ya kusadiki. Hotelini wageni wakaanza kulalamika kwamba mashuka yananuka petroli.

Tatizo kubwa lilikuwa chini ya boneti. Nusu ya vitu havikuwepo: hakuna kabureta, hakuna koili, hakuna pampu. Nikamwambia mama kwamba wezi walimaliza gari lake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka.

Hawakuwa wezi, akanieleza. Wakati wa vita gari lililoweza kuwaka lilichukuliwa na askari, na aliyelificha akachukuliwa nalo. Kwa hiyo mumewe alilifungua kipande kwa kipande, akagawa kwa ndugu kama mtu agawavyo mbegu: kabureta kwa dada yake, koili kwa binamu, pampu kwa mzee wa kanisa. Vikafichwa chini ya vitanda na ndani ya magunia ya mtama. Kipande kimoja tu alibaki nacho yeye. Ni rota, kile kidude cheusi kinachoenea kiganjani, kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa umeme kwa plagi. Bila rota, hata gari jipya ni kabati. Zamani alikuwa akiichomoa kila jioni ili gari lisiibwe, na asubuhi akairudisha. Siku waliyomchukua ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

Kukusanya vipande kulichukua muda mrefu kuliko kuvifunga. Hakuna aliyekupa kitu mlangoni. Uliketi, ukanywa chai, ukaulizwa habari za watu wa kwenu usiowakumbuka, ndipo kitu kikatolewa kikiwa kimefungwa kitambaa, kimepakwa mafuta vizuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekiuza, na ile ilikuwa miaka ya njaa. Mimi ni mgumu wa kusifu, lakini hilo nililisifu.

Dada ya bwana, wifi yake mama, aliishi ng'ambo ya barabara. Wanawake hao wawili walisalimiana kwa kichwa tu. Nilipofuata kabureta, wifi alinikabidhi bila chai.

"Chukua. Kaka yangu hatakuja kuuliza. Yeye amekufa, mimi najua. Lakini huyu mwanamke anakataa tukae bika." Bika ndiyo matanga kwao. "Mtu gani analala bila kuliliwa? Hata mbwa, watoto wanamlilia. Huyu akisema kalas, imekwisha, tutalia. Mpaka leo hajasema."

Nikaichukua kabureta, nikavuka barabara. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilijua urefu wa kamba yangu.

Ikafika siku landrova ikasimama kwa magurudumu yake, imepakwa rangi ya kijani, kuku wamehamishwa kwa malalamiko makubwa. Fundi alikuwa amesafiri Kampala, akaniletea rota mpya. Nikaenda nayo jikoni nikimwonyesha mama kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Hapana," akasema. "Rota iko nayo yeye."

"Mama, ni kipande cha plastiki na shaba."

"Iko nayo yeye. Atakuja nayo."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoa Jumamosi zangu zote, kucha zangu na ngozi ya viganja, na sasa gari zima limezuiwa na kitu kinachoingia mfukoni. Nilienda kumsema kwa fundi, naye akanisaidia vizuri. "Huyu amepika, amepakua, halafu anasema watu wasikule!" Nikaitia rota kwenye kopo la majani ya chai chumbani kwangu. Jumamosi zikarudi kuwa ndefu. Nikawa napangusa vumbi kwenye gari lisilokwenda popote, maana kukaa bure siwezi.

Halafu tishari likaja tena, na mama akafunga lawo yake akaenda. Jua lilikuwa bado kali aliporudi. Hakubeba samaki, hakubeba kuni. Alikaa kwenye ngazi ya landrova, akavua ndala, akazipanga vizuri kando.

"Leo mzee mmoja ameanguka pale kwa ubao wa kushukia," akasema. "Mimi nampita. Mimi nataka kuona watu wa nyuma. Halafu najiuliza, kwa nini nampita?" Akapangusa vumbi miguuni. "Mtoto yangu, hii miaka yote mimi naangalia vijana."

Nilielewa mara moja, na nilitamani nisingeelewa. Mumewe, kama angeshuka pale, angeshuka mzee. Hakuwa na sura ya kumtafuta.

"Lete ile kitu," akasema.

Nilitaka kuifunga mwenyewe. Akanisogeza kwa kiwiko. Aliifuta rota kwa pindo la lawo, akaizungusha kidogo mpaka ikakaa mahali pake, akarudisha kifuniko, akabana vibanio vyake kwa kidole gumba, hiki kisha kile. Mimi nilijifunza kazi hiyo kwa kufokewa na fundi. Yeye alikuwa ameitazama kila asubuhi ya ndoa yake.

"Washa."

Ilikohoa, ikazima. Ikakohoa tena, ikatoa moshi na manyoya ya kuku, kisha ikashika, na mngurumo wake ukajaa ua mzima. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mno, nikapiga honi.

Wifi alitoka mbio kwake, akavuka barabara bila kutazama pikipiki, mikono yake imejaa unga mpaka viwiko. Alikuja moja kwa moja kwenye usukani. Macho yake yakanipita kama sipo, yakaenda kiti cha pili, yakaenda nyuma, yakarudi kwangu. Huyu ndiye aliyeniambia kwamba anajua amekufa.

Mama akamfuata, akamshika mkono wenye unga.

"Siyo yeye," akasema. "Hii rota ya duka. Kalas."

Wifi akakaa chini palepale vumbini, na kilio kikamtoka, kile kirefu ambacho majirani hawahitaji kuulizia maana yake. Mama akakaa kando yake, bega kwa bega, akalia naye. Wanawake wakaanza kuingia getini mmoja mmoja, wengine wamebeba mikeka tayari. Nikaushika ufunguo ili nizime, kwa adabu.

"Usizime," mama akaniambia, uso umelowa. "Nenda soko ya Konyo Konyo. Sukari, majani, mkaa. Watu wanakuja."

Nikaenda; kuendesha nilikuwa nimefundishwa na fundi gerejini. Ilikuwa safari ya kwanza ya gari nililolitengeneza kwa mikono yangu. Sokoni nililiacha likinguruma, nikamlipa mtu alilinde, kwa hofu kwamba nikilizima litakataa kuwaka tena, na watu wakae kwenye bika bila chai.